Shajara ya mradi: kukusanya gemu zisizotafutwa na mtu, Kampala

18 Januari 2025: Kanuni na bajeti

Wengi wanaokusanya gemu za konsoli hapa mjini huanza na zile walizozipenda utotoni: soka, mieleka, magari. Sina ugomvi nao, ila mradi huu unakwenda upande wa pili. FIFA za PlayStation 2 (PS2) zitaokotwa hata miaka ishirini ijayo, maana zilichapishwa kwa mamilioni na sijaona shehena ya mitumba kutoka Uingereza inayofika bila lundo lake. Zinazopotea ni zile zilizochapishwa mara moja, zikauzwa kwa kusuasua, kisha mwenye duka akazitoa kwa bei ya kutupa apate nafasi kwenye rafu. Leo hazina mnunuzi. Wakusanyaji wakishazigundua, bei yake haishikiki.

Sababu ya kuharakisha ipo. Sony iliacha kutengeneza PS2 mwaka 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 155. Duka la mtandaoni la Wii, konsoli ya Nintendo, lilifungwa 30 Januari 2019, la 3DS na Wii U 27 Machi 2023, la Xbox 360 29 Julai 2024. Mwaka huohuo wa 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti unaoonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazitolewi tena sokoni na wenye haki zake. Kinachobaki ni diski na katriji (vikasha vya gemu vya kuchomeka) zilizomo mikononi mwa watu, na mikono hiyo inahama nyumba, inafagia, inachoma takataka.

Kanuni nilizojiwekea: nanunua orijino tu, si kopi za kuchoma, sivuki shilingi 25,000 kwa gemu moja, na naanza na za PAL, yaani za soko la Ulaya. Hilo la mwisho ni la lazima kuliko mapenzi. PS2 zilizopo Uganda karibu zote ni za PAL, na PS2 haisomi diski orijino ya kanda nyingine isipokuwa imefanyiwa marekebisho, kama kuwekewa chipu ya kuruka kufuli hilo. Anayenunua diski ya Marekani kwa sababu ni rahisi atajikuta ameshika kioo cha kujitazamia.

Bajeti ya mwaka: 1,500,000. Orodha ya kwanza ninayoitafuta iko hivi: Gregory Horror Show ya Capcom (2003), ambayo ilitoka Japani na Ulaya tu, Michigan: Report from Hell, ambamo mchezaji ni mpiga kamera wa televisheni, nayo haikufika Marekani, SOS: The Final Escape, ya kujiokoa kwenye mji unaobomoka kwa tetemeko, na Mister Mosquito, ambayo wewe ni mbu na kazi yako ni kunyonya damu ya familia moja ya Kijapani bila kupigwa kofi. Mimi nakaa Kibuli na nalala chini ya chandarua. Hiyo ya mbu nisipoipata nitajisikia nimedhulumiwa.

9 Februari 2025: Owino na Kisenyi

Usianzie kwenye maduka ya gemu. Pale wanauza hadi diski kuu zilizojazwa gemu mia, na ukiuliza orijino wanakutazama kama umetoka sayari nyingine. Nenda soko la Owino na mtaa wa Kisenyi, kwa wanaouza vyombo vya umeme vya mitumba. Konsoli zinapofika kwenye kontena, huwa zimefungwa pamoja na takataka zake zote: nyaya, padi, memori kadi, na diski alizokuwa nazo mwenyewe kule Uingereza. Muuzaji anataka konsoli. Diski anazitupa kwenye boksi chini ya meza, na boksi hilo ndilo shamba letu. Mtaka cha mvunguni ainame, hapa ni kwa maana yake halisi, na uje na suruali ya kazi.

Ziara ya kwanza ilinifundisha kuhusu bei. Nilichuchumaa nikawa nachambua moja moja, naweka pembeni ninazozitaka. Mzee mwenye kibanda alikuwa ananiangalia tu.

“Mzee, hizi tano unanipaje?”

“Hizo ulizochagua ni elfu ishirini kila moja.”

“Na boksi zima?”

“Boksi zima chukua kwa elfu thelathini, mwanangu, uniondolee uchafu.”

Hakuwa anatania. Ukichagua, umemwambia zipi zina thamani. Ukinunua uchafu wote, unabeba uchafu. Tangu hapo nanunua boksi zima, nachambulia nyumbani, kisha FIFA na zile za kuimba namrudishia bure, naye hufurahi kwa sababu za soka anaweza kuziuza tena. Boksi linalofuata ananiwekea kando.

Kasoro ya boksi ni kwamba kava na diski havikai pamoja. Kwenye boksi la pili nilikuta kava safi kabisa ya SOS, na moyo ukaruka. Ndani kulikuwa na kopi ya mieleka iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Kwa hiyo fungua kila kava hapohapo kabla hujalipa kilicho nje ya boksi, na usome diski yenyewe.

Namna ya kusoma: igeuze upande wa chini, iinamishe kwenye jua. Gemu za PS1, yaani PlayStation ya kwanza, zina mgongo mweusi. Za PS2 zilizo kwenye dividii ni za fedha, na zilizo kwenye sidii ni za buluu. Kopi ya kuchoma ina rangi ya zambarau au kijani kilichofifia, na utaona mstari pale uchomaji ulipokoma: ndani kumekolea, nje kumepauka. Kisha tazama pete ya katikati, karibu na tundu. Orijino ya PAL ina herufi SLES au SCES na namba, na kando yake maandishi madogo mno ya IFPI, alama ya kiwanda, ambayo macho yangu hayayaoni bila kioo cha kukuzia. Namba ya kwenye pete ilingane na iliyoandikwa ubavuni mwa kava. Kava peke yake isikudanganye, maana mjini hapa kava inachapishwa upya saa yoyote.

Gharama: maboksi mawili 70,000, gemu za kuchagua kwa wauzaji wengine 55,000, boda na taksi 20,000. Kutoka kwenye orodha yangu nimepata Gregory Horror Show tu, kava imepasuka, kijitabu kipo. Mbu bado.

2 Machi 2025: Diski za buluu “zilizokufa”

Hatua hii ilitakiwa iwe ya kupitia haraka: osha, jaribu, weka kwenye rafu. Imekula mwezi.

Nilikuwa najaribu kila diski kwenye PS2 nene ya modeli ya SCPH-30004. Za fedha zilikuwa zinafunguka bila shida. Za buluu zilikuwa zinazunguka, zinalia kama zinasaga mchanga, kisha ujumbe wa kushindwa kusoma. Nikawa naziweka kwenye boksi la “mbovu”, na boksi likajaa. Kilichonishtua ni kwamba nyingine zilikuwa hazina mkwaruzo hata mmoja.

Maelezo ni mepesi ukishayajua. Konsoli hii ina leza za aina mbili: ya sidii yenye mawimbi ya nanomita 780, na ya dividii yenye 650. Moja inaweza kuchoka huku nyingine ikiwa nzima. Konsoli inayocheza dividii vizuri si ushahidi kwamba sidii yako ni mbovu. Nilizipeleka zile za buluu kwenye kompyuta ya jirani, karibu zote zikasomeka.

Fundi wa kwanza alitaka “kuongeza nguvu ya leza” kwa kuzungusha skrubu ndogo iliyoko pembeni ya lenzi. Nilikataa. Dawa hiyo inafanya kazi kwa muda, na leza iliyolazimishwa huungua mapema. Fundi ninayemwamini ni Mkongo mmoja wa Katwe, na yeye alianza kwa kusafisha lenzi kwa pamba na spiriti, akapaka grisi kwenye reli, akajaribu. Bado.

“Kaka, hii imezeeka tu,” akasema. “Tuweke nyingine, usinisumbue na kuifufua.”

Leza nyingine 60,000, ufundi 20,000. Za buluu zinasoma sasa. Pia nimenunua draivu ya dividii ya nje kwa 75,000 ili kila diski ijaribiwe sehemu mbili kabla ya kuhukumiwa. Kama unaanza leo, nunua draivu kwanza, konsoli baadaye.

Kuhusu mikwaruzo. Watu hapa wanasugua diski kwa dawa ya meno, na kwa mikwaruzo ya upande wa chini inaweza kusaidia, kwa sababu kule chini ni plastiki tupu: milimita 1.2 kwenye sidii, 0.6 kwenye dividii. Sugua kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Lakini tofauti kubwa iko juu. Kwenye dividii, tabaka la data liko katikati, limebanwa na plastiki pande zote mbili. Kwenye sidii, data iko juu kabisa, chini tu ya rangi ya lebo. Mkwaruzo wa msumari kwenye lebo ya sidii ndio kifo chenyewe; inua diski uitazame dhidi ya taa, na pale mwanga unapopenya kwa tundu, data imeondoka na haitarudi. Mwenye kibanda anapozipanga zikiwa zimelaliana, lebo ikiwa chini juu ya mchanga, anadhani anazilinda kwa sababu sehemu inayong'aa haiguswi.

27 Aprili 2025: Mvua, mchele na fukusi

Mvua za Kampala zilinikuta sijajiandaa. Rafu ilikuwa ukutani upande wa mashariki, na ukuta ule unatoa jasho. Vijitabu vilianza kupinda, kisha nikaona vidoa vya kijivu kwenye kava mbili: ukungu. Diski yenyewe hustahimili, karatasi haistahimili, na kwa gemu isiyojulikana karatasi ni nusu ya thamani.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kienyeji: maboksi ya plastiki yenye vifuniko, ndani yake vifuko vya mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Wiki chache baadaye nilifungua boksi nikakuta fukusi wanatembea juu ya Gregory. Mchele ulinyonya unyevu kidogo sana na ukaleta wageni. Usifanye hivyo.

Kilichofaa ni chembechembe za silika zinazobadilika rangi: zikiwa za buluu ni kavu, zikigeuka waridi zimeshiba. Zikishashiba nazikausha kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo wa jiko, nikizikoroga mpaka buluu irudi, mlango ukiwa wazi, na sufuria hiyo haipikiwi chakula tena. Rafu imehamia ukuta wa ndani. Vijitabu vyenye ukungu nilivianika kivulini, nikaupangusa kwa brashi laini nikiwa nje na nimeziba pua. Jua kali usilitumie. Linaondoa ukungu na rangi pamoja.

Silika 18,000, maboksi mawili 70,000, mchele 8,000 ulioishia kwa kuku wa jirani.

15 Juni 2025: Sanduku kutoka Leicester

Boksi za Kisenyi zina kikomo: unapata kile Mwingereza alichosahau ndani ya konsoli, na alichosahau mara nyingi ni soka. Orodha yangu ilihitaji kununuliwa kulekule. Rafiki yangu ana ndugu yake Leicester, naye ndugu huyo akakubali kupokea gemu nitakazonunua kule mtandaoni na kwenye maduka ya hisani, kisha aziweke kwenye shehena ya pamoja inayokuja Kampala.

Tatizo lilikuwa uzito. Msafirishaji anatoza kwa kilo, na kava ya plastiki ya PS2 ikiwa na kijitabu chake inakaribia kuwa nzito mara kadhaa kuliko diski iliyomo. Dawa yake: ndugu yule atoe diski, kijitabu na karatasi ya kava, avipange kwenye bahasha ya mkusanyiko wa diski na kadibodi bapa, na makasha matupu ayaache kule. Hapa Kampala makasha ya dividii yanapatikana kwa urahisi, kwa sababu maktaba za kukodisha filamu zinafunga moja baada ya nyingine na wanauza makasha yao kwa mafungu.

Ilifanikiwa kwa asilimia kubwa, na hapa ndipo ilipokwama: makasha ya PS2 yana kishikio cha memori kadi ndani, upande wa kushoto, na ya filamu hayana. Kwa mchezaji hiyo si kitu. Kwa mkusanyaji wa kesho, kasha lisilo na kishikio ni alama kwamba limebadilishwa. Nimeamua makasha ya kweli ya PS2, ambayo nayapata bure na FIFA zilizovunjika, yaende kwa gemu nadra. Gemu zilizobaki zitavaa ya filamu. Kwa hiyo FIFA zilizokwaruzika sizirudishi tena kwa mzee, nazichuna makasha kwanza.

Mister Mosquito imefika. Nimeicheza jioni nzima. Ukimwuma baba wa nyumba mahali asipopapenda anageuka na kukusaka chumba kizima, na mimi mwenyewe huku nilikuwa napiga kofi shingoni. SOS imefika pia. Michigan ilinipita: bei yake imeshapanda kupita kikomo changu, na kikomo ni kikomo.

Gharama: gemu 310,000, usafiri 85,000, makasha 20,000.

6 Julai 2025: Wii na PSP, kwa ufupi

Familia iliyokuwa inahama kutoka Bugolobi iliuza Wii na mfuko wa diski. Ndani nimepata Disaster: Day of Crisis ya Monolith Soft (2008), ambayo haikutoka Marekani. Wii imefungwa kikanda kama PS2, kwa hiyo PAL kwa PAL. Gemu za PSP, konsoli ya mkononi ya Sony, hazina kanda. Nunua kutoka popote, ila kagua kasha la UMD (diski ndogo ya PSP iliyofungwa ndani ya ganda), maana plastiki yake hupasuka kwenye mshono. Ikipasuka, diski iliyomo bado nzima. Hamishia kwenye kasha la UMD ya filamu isiyotakiwa. 95,000 kwa yote.

24 Agosti 2025: Katriji za njano

Hapa mradi umepinda, na nadhani umepinda vizuri.

Nilikwenda Jinja kwa mambo ya familia. Mama mmoja anayeuza nyaya na rimoti sokoni alikuwa na ndoo ya katriji za njano, zile za “TV gemu” tulizocheza wote. Kwa vijana: mashine hizo ni nakala za Famicom, konsoli ambayo Nintendo iliitoa Japani tarehe 15 Julai 1983. Nakala zilitengenezwa Asia bila leseni, zikauzwa Afrika nzima, na kwa nyumba nyingi za Uganda ndiyo konsoli ya kwanza. Katriji zake zina pini 60, na lebo zinaahidi “9999999 in 1”.

“Mama, hizi bado zinauzwa?”

“Zinauzwa kwa nani, baba? Watoto wanataka simu.”

Elfu mbili mbili. Nilinunua ndoo.

Nilipokuwa kwenye taksi ya kurudi ndipo hesabu ilipogeuka. Kila gemu iliyo kwenye orodha yangu ya Januari, hata ile ya Michigan, ina watu Ulaya na Japani wanaoitunza. Imepigwa picha, imenakiliwa, ina ukurasa wake. Inaweza kuwa ghali, lakini haitapotea duniani. Hizi za njano zilikuja kwa majahazi na makontena bila jina la mtengenezaji, menyu zake zinatofautiana toleo kwa toleo, na zinaishia kwenye ndoo kisha shimoni. Nadra ya Leicester si nadra ya Jinja. Mtu wa Uingereza hawezi kunipita mbio kwenye soko hili, kwa sababu hajui lipo.

Nilizifungua kadhaa. Ndani hakuna chipu zenye miguu. Kuna kibao kidogo cha kijani na tone la gundi nyeusi lililofunika silikoni yenyewe. Tone hilo likiwa limepasuka, fundi hana cha kushika. Kwa hiyo usizipanguse kwa maji, na usizigonge mezani kama tulivyokuwa tunafanya utotoni. Pini nilizisafisha kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili mpaka pamba iliacha kutoka nyeusi. Katriji zilizokuwa zinaonyesha rangi za kuparaganyika zikaamka, isipokuwa tatu.

Kwa zile za Nintendo zenyewe, mfano za Game Boy, kuna skrubu ya kichwa cha ajabu ya milimita 3.8 ambayo bisibisi ya kawaida haiishiki. Usisubiri kuagiza: yeyusha ncha ya kalamu ya plastiki kwa kiberiti, ibonyeze juu ya skrubu ikiwa laini, isubiri ipoe, kisha zungusha. Inatosha kwa skrubu chache kabla haijalegea.

Onyo moja la umeme. Adapta za mashine hizi zinaweza kuwa na volti sawa lakini ncha chanya na hasi zinabadilika kutoka mashine hadi mashine. Soma mchoro wa kiduara ulio kwenye mashine na ulio kwenye adapta. Mashine niliyopewa na mtu wa Kibuye ilifika ikiwa imeshaunguzwa hivyo, na nililazimika kununua nyingine.

Gharama: katriji 42,000, mashine 35,000.

19 Oktoba 2025: Kuzinakili

Kwa diski kazi ni nyepesi. Draivu ya kawaida ya kompyuta inasoma dividii ya PS2 hadi faili moja, gigabaiti 4.7 au chini kwa tabaka moja. Kisha natoa hesabu ya SHA-1, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, na kuilinganisha na hazina ya Redump, ambayo hutunza hesabu na maelezo ya diski, si gemu zenyewe. Zikilingana, diski yangu imesomwa bila biti moja kupotea, na najua hali yake kwa uhakika kuliko jicho linavyoweza kusema. Zisipolingana, usikimbilie kusema mbovu. Soma mara ya pili, kisha angalia pete, huenda ni chapa nyingine. Nakala hizi sizigawi.

Katriji za njano ndizo zilizonikondesha. Niliagiza kisomaji cha katriji kilichobuniwa na anayejiita sanni, ambacho michoro yake iko wazi kwa wote na moyo wake ni Arduino Mega 2560, kibao kidogo cha kompyuta, pamoja na kipokezi cha pini 60. Na usafiri na ushuru, 380,000. Ni kiasi kikubwa kuliko bei ya katriji zote nilizonazo mara kadhaa, na mke wangu alilisema hilo kabla yangu.

Kisomaji kinauliza “mapa”, yaani namba ya utaratibu ambao katriji inautumia kubadili kurasa za kumbukumbu. Katriji ya gemu moja ya zamani ina kilobaiti 32 za programu na 8 za picha, haina cha kubadili. Nilichagua hiyo kwa “9999999 in 1”, nikapata faili linalofunguka menyu vizuri. Ukichagua gemu, kioo kinajaa herufi na vipande vya vifaru. Kisomaji kilikuwa kimechukua ukurasa wa kwanza tu.

Nilipoteza muda mwingi nikisafisha pini nikidhani ni mguso. Haukuwa mguso. Menyu isingefunguka safi kila mara kama pini zingekuwa chafu. Dalili ya mguso hubadilika kila unapochomeka. Hii ilikuwa ileile.

Ufumbuzi: katriji nyingi za namna hii hazina chipu ya maana ya kubadili kurasa. Zinatazama anwani unayoiandikia, kati ya $8000 na $FFFF (namba za hexadesimali), na anwani hiyohiyo ndiyo amri. Mapa za jamii hiyo ni kadhaa na zina namba zake. Nilizipitia moja moja, kila mara nikijaribu faili kwenye emuleta, programu ya kompyuta inayoiga konsoli: gemu ya kwanza ya menyu, ya katikati, ya mwisho. Kwa katriji hii iliyokubali ni namba 58. Faili kamili ni kilobaiti 192, na ndani ya milioni tisa na ushee za kwenye lebo, gemu za kweli hazifiki kumi. Zilizobaki ni zilezile zikianzia hatua ya mbele au zikiwa na roho nyingi zaidi. Vifaru vya “Tank 1990”, ambavyo ni Battle City ya Namco ya 1985 iliyochokonolewa, vipo mara nyingi kuliko nilivyokuwa na subira ya kuhesabu.

Menyu yake ina muziki na picha ya ndege juu ya bahari. Dada yangu aliusikia kutoka jikoni akauliza ni nani amewasha TV gemu.

14 Desemba 2025: Hesabu na kilicho mezani

Matumizi hadi leo: Februari 145,000, Machi 155,000, Aprili 96,000, Juni 415,000, Julai 95,000, Agosti 77,000, Oktoba 396,000, ikiwa pamoja na alkoholi na pamba. Jumla 1,379,000. Zimebaki 121,000, na zote zinakwenda kwenye za njano. Nina ahadi ya ndoo nyingine Mbale, na mwenye maktaba ya filamu Wandegeya anasema ana mashine nzima stoo ila hajui funguo ziko wapi.

Diski za PS2 nitaendelea kuzipokea kutoka kwa mzee wa boksi, kwa bei yake ya uchafu, lakini Leicester nimeifunga. Atakayeiga mradi huu akiwa Arua, Mbarara au hata Kisumu namshauri aanze Agosti yangu, asianze Januari yangu.

Kila katriji sasa naiandikia kadi: picha ya lebo, picha ya kibao pande mbili, mahali iliponunuliwa, namba ya mapa, SHA-1. Mbili bado zimekataa kila namba niliyoijaribu. Moja ina matone matatu ya gundi, na inabadilisha menyu kila unapobonyeza kitufe cha kuanza upya, kwa hiyo nashuku kurasa zake zinageuzwa na kitufe hicho na si anwani. Jumamosi nitaunga waya kutoka kwenye kitufe hadi kwenye Arduino ili kisomaji kibonyeze chenyewe. Ikikubali, mchoro wa waya utaingia hapa.